Kikalie Kwanza Kiti cha Mgonjwa

Toleo lililopita nilieleza kwa ufupi mazoezi ya mrejesho wa mawimbi ya ubongo, ambayo wengine huyaita nyurofidibaki. Mgonjwa hubandikwa kichwani elektrodi, yaani vikombe vidogo vya madini vyenye waya, kompyuta ikasoma umeme mdogo unaotoka kwenye ubongo wake, na kila wimbi linalotakiwa linapopanda, kioo humwonyesha picha au humpigia mlio wa kumjulisha kwamba amefika. Akirudia mara nyingi, ubongo unatarajiwa ujifunze njia ya kurudi pale pale. Barua zimemiminika. Zilizonishika zaidi si za wagonjwa, ni za watu wa kazi wenyewe: matabibu, wauguzi, wanasaikolojia. Nimechagua tano, tatu za hao na mbili za jamaa wa wagonjwa, na ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake zimo nyingine nyingi.

*

*Shikamoo Mama. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya wilayani Muheza. Mwezi uliopita nilihudhuria semina ya siku mbili hapo Tanga mjini kuhusu mazoezi haya. Tumepewa vyeti, na aliyetufundisha anatuuzia mashine kwa kulipa kidogo kidogo. Ameniambia naweza kuanza na wagonjwa Jumatatu. Moyo wangu una wasiwasi. Je, siku mbili zinatosha? Na kama hazitoshi, mtu anafundishwaje kazi hii mpaka aaminike?*

Marahaba mwanangu. Hazitoshi, na nashukuru umeuliza kabla ya Jumatatu.

Tanga yetu inasifiwa kuwa ni ya waja leo waondoka leo. Kwa mgeni wa matembezi hilo halina neno. Lakini mkufunzi wa kazi hii akija leo na kuondoka leo, anakuachia cheti na mashine bila kukuachia mtu wa kumpigia simu siku kioo kitakapokuonyesha kitu usichokielewa. Na siku hiyo haitakawia.

Nikupe kipimo cha kupimia hizo siku mbili. Taasisi inayojulikana sana duniani kwa kuwathibitisha watoaji wa huduma hii ni BCIA, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1981. Anayetaka kuthibitishwa nayo anasoma saa 36 za darasani, anasoma somo la umbile la ubongo na neva, kisha anakaa saa 25 na msimamizi. Katika saa hizo wanapitia pamoja mazoezi 10 aliyoyafanya mwanafunzi juu ya kichwa chake mwenyewe, mazoezi 100 aliyowafanyia wagonjwa, na mikasa 10 ya wagonjwa iliyojadiliwa kwa kina. Ndipo anafanya mtihani. Sikuambii kwamba bila cheti hicho wewe si kitu. Nakuonyesha mzigo umewekwa wapi: umewekwa kwenye mikono, macho, na mtu mzima wa kukaa kando yako akiangalia unachokiangalia.

Wanafunzi wanaokuja kwangu Ngamiani, wiki mbili za mwanzo hawamgusi mgonjwa. Wanabandikana wao kwa wao. Siku ya kwanza mmoja anakaa kitini, elektrodi moja kisogoni, nyingine masikioni, na mwenzake anamwambia, "Fumba macho." Kwenye kioo, mistari iliyokuwa ikihangaika huku na huku inaanza kupanda na kushuka kwa mpangilio, mikubwa, imelingana kama meno ya kitana, mapigo 8 hadi 13 kwa sekunde. "Fumbua." Yanatoweka. "Fumba." Yanarudi. Nimeliona jambo hili mara zisizohesabika na bado linanigusa. Hayo ndiyo mawimbi ya alfa, na mtu wa kwanza kuyaandika kutoka kichwani mwa binadamu ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani.

Nataka ushike miaka yake. Berger alirekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Alichapisha mwaka 1929. Katikati hapo alipima na kupima tena, akampima hata mwanawe Klaus, kwa sababu alikuwa na hofu moja: isije ikawa ninachokiona ni mapigo ya damu, au ngozi, au msuli, wala si ubongo. Na alipochapisha, wenzake wengi hawakumsadiki hadi Edgar Adrian wa Cambridge alipolirudia jambo lenyewe mbele za watu mwaka 1934. Miaka mitano mtu anajiuliza swali moja. Swali hilo hilo ndilo ninalotaka uwe nalo kila unapowasha mashine, na ndilo ambalo semina ya siku mbili haina nafasi nalo.

Maana umeme wa ubongo ukifika juu ya ngozi ya kichwa ni mdogo mno. Unapimwa kwa microvolti, yaani sehemu ya milioni ya volti moja, na mara nyingi ni makumi machache tu ya hizo. Kupepesa jicho mara moja kunatoa umeme mkubwa kuliko huo. Nyaya za ukutani nazo zinavuma mapigo 50 kwa sekunde, na elektrodi iliyoshika vibaya inavichukua vyote kwa pamoja. Hapa pwani tuna letu pia: wakati wa kaskazi, mwezi wa pili, chumba kimefungwa na feni imezimwa kwa ajili ya kelele, jasho linalotiririka chini ya elektrodi linachora mawimbi makubwa ya polepole. Nimemkuta mwanafunzi, kijana mwenye akili sana, akimwandikia mwenzake mzima wa afya kwamba ubongo wake "umelala" upande wa mbele. Tulimpangusa paji la uso kwa kitambaa, tukabandika upya, ubongo ukaamka.

Kwa hiyo wiki ya kwanza yote wanatengeneza uchafu, yaani umeme usiotoka kwenye ubongo, kwa makusudi. Pepesa. Kaza meno. Meza mate. Angalia kushoto, kulia. Sema jina lako, maana hata ulimi unaandika. Tikisa waya. Kila kimoja wanakichora kwa penseli kwenye daftari, na pembeni wanaandika kilichokifanya. Daftari hilo ndilo kitabu chao cha kwanza, na ninalikagua.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nililetewa mtoto wa darasa la tatu, asiyetulia darasani, mama yake kachoka na barua za mwalimu. Nikambandika elektrodi utosini, nikaipanga programu imzawadie mawimbi ya kasi ya beta yakipanda. Alikuwa anapenda ule mchezo wa mashua, kwamba ubongo ukifanya vizuri mashua inakwenda. Wiki tatu alama zilipanda bila kurudi nyuma. Nilimwonyesha mama yake grafu kwa furaha. Mara ya nane, mama akaniambia kwa upole, kama mtu anayeogopa kukosea adabu, "Dada, siku hizi mtoto anasaga meno usiku. Na mchana anasema taya zinamuuma."

Nilimkalisha kitini, nikawasha mchezo, nikaweka vidole viwili juu ya panja lake. Mashua ilipoanza kwenda, msuli ukafura chini ya vidole vyangu, ukawa mgumu kama kokwa. Mashua ikasimama, msuli ukalegea. Ikaenda, ukafura. Msuli wa taya hutoa umeme wa kasi unaomwagika hadi kwenye eneo la beta, na mimi kwa wiki tatu nilikuwa nimemfundisha mtoto wa watu kukaza meno na kumlipa kwa kukaza.

Nilimwambia mama yake ukweli hapo hapo, nikamrudishia fedha zake. Jioni nikampelekea msimamizi wangu rekodi zote. Aliniuliza swali moja: uliyaangalia mawimbi ghafi, yale ambayo kompyuta haijayageuza kuwa alama, au uliangalia alama? Nilikuwa nimeangalia alama. Kwenye mawimbi ghafi uchafu ule ulikuwa umejaa mstari mzima, mzito na mweusi, hata mtoto angeuona kama angeonyeshwa. Tangu siku hiyo mwanafunzi wangu yeyote anafanya kazi na kioo kilichogawanywa sehemu mbili, mchezo kwa mgonjwa na mawimbi ghafi kwake, na mkono wake unapita kwenye panja la mgonjwa kila baada ya dakika chache. Kama hujui wimbi ghafi linavyoonekana, huna unachokifanya isipokuwa kumlipa mtu kwa jambo usilolijua.

Baada ya uchafu ndipo tunakaa kitini wenyewe, mara kumi kila mmoja, na hapa ndipo wataalamu wanapobadilika. Wengi wanafika wakidhani mgonjwa anatakiwa "ajitahidi". Wanajitahidi wao, na mlio unakataa kulia. Wanakunja uso, mlio unazidi kunyamaza. Katika mara ya tatu au ya nne, pale walipokata tamaa na kuanza kuwaza chakula cha mchana, unalia. Mtu aliyepitia hilo hatamwambia mgonjwa "jitahidi" tena. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanasaikolojia Joe Kamiya, akiwa Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa akiwafumbisha watu macho, anapiga kengele, na kuwauliza: sasa hivi uko kwenye alfa au hauko? Wanabahatisha, anawaambia jibu sahihi, na kwa kurudia watu walianza kupatia. Tunalifanya zoezi hilo hilo kwa kijiko na bilauri. Na wanafunzi wanarudi nyumbani wakiwa wamechoka, mwingine kichwa kinamuuma, mwingine hakupata usingizi mzuri usiku ule. Ni vyema wayajue hayo kwenye miili yao kabla mgonjwa hajawaeleza, maana asiyeyajua atamwambia mgonjwa kwamba ni mawazo tu.

Sasa Jumatatu yako. Usilipe. Mrudie yule mkufunzi umuulize: katika mazoezi yangu 100 ya kwanza, ni nani atakayeyaangalia mawimbi ghafi pamoja nami, na nitampataje? Akikupa jina la mtu na saa za kukutana, tuandikiane tena. Akikupa kijitabu cha maelezo ya mashine, fedha zako zikae. Na jambo moja zaidi, mwanangu: kinachokuruhusu kumgusa mgonjwa ni leseni yako ya utabibu na mipaka yake. Cheti cha semina hakiisogezi mipaka hiyo hata inchi moja.

*

*Mama, mimi ni mzazi, nakaa Chumbageni. Mwanangu ana miaka 12 na ana kifafa. Anatumia fenobabitoni na ana karibu mwaka hajaanguka. Kuna mtu ana mashine ya mawimbi ya ubongo, ameniambia dawa zinaharibu ubongo wa mtoto, tuziache, mashine itamponya. Nimesikia hata wanasayansi wa Marekani walithibitisha. Nifanye nini?*

Mama mwenzangu, usiziache. Kama umeshaziacha au umezipunguza, ondoka na mtoto leo uende hospitali anakochukulia dawa, usisubiri siku ya kliniki. Fenobabitoni ikikatishwa ghafla inaweza kuleta degedege linalofuatana bila kukatika, na hilo linaua.

Huyo mtu ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana maneno yake yana nguvu. Katika miaka ya 1960 mtafiti Barry Sterman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliwafundisha paka kuongeza wimbi moja la ubongo, la mapigo 12 hadi 15 kwa sekunde, kwa kuwapa chakula kila lilipotokea. Baadaye, katika utafiti mwingine wa sumu ya mafuta ya roketi ambayo huleta degedege, paka wale waliofundishwa walikawia kupata degedege kuliko wengine. Mwaka 1972 yeye na mwenzake wakachapisha habari za mgonjwa wa kwanza wa kifafa aliyefanya mazoezi hayo na kupata nafuu. Wengine walifuata. Hayo yote ni kweli. Lakini mazoezi ya namna hiyo hufanywa juu ya dawa. Hayafanywi badala ya dawa, na anayebadilisha dozi ni daktari anayemtibu mtoto, kwa utaratibu wa wiki na miezi.

Mtoto karibu mwaka hajaanguka. Hiyo ni kazi ya dawa na kazi yako ya kumpa kila jioni bila kusahau. Nakupa hongera kwa hilo. Kama una wasiwasi kwamba zinamfanya azubae au awe mkali, na fenobabitoni inaweza kufanya hivyo kwa watoto, mweleze daktari kwa maneno hayo hayo. Zipo dawa nyingine za kujadili naye.

Kwa watoa huduma wanaosoma jibu hili: swali la kwanza kwa mgonjwa yeyote, kabla hujafungua hata kopo la jeli, ni "Unatumia dawa gani?" Andika jina na dozi. Na mjue kwamba EEG ya hospitali, yaani kipimo cha umeme wa ubongo cha kutambua ugonjwa, husomwa na daktari aliyefundishwa kuisoma. Elektrodi mbili tatu za mazoezi hazitoi cheti cha kwamba kifafa kipo au kimekwisha.

*

*Mimi ni mwanasaikolojia kijana hapa Tanga. Nakusoma kwa heshima, lakini nimeona tafiti zinazosema mazoezi haya hayazidi mazoezi ya kuigiza. Kama ni hivyo, kwa nini unaendelea kufundisha watu?*

Umeuliza sawasawa, kijana wangu, na swali hilo wanafunzi wangu wanalipata siku ya kwanza kutoka kwangu, wasije wakalipata mtaani.

Utafiti unaousema nadhani ni ule uliochapishwa mwaka 2021 Marekani. Watoto zaidi ya 140 wa miaka 7 hadi 10 wenye tatizo la kutotulia na kutomakinika. Nusu na kidogo walipata mazoezi ya kweli, waliobaki wakapata ya kuigiza, mchezo uleule na elektrodi zilezile, ila mchezo haukufuata ubongo wao. Mtoto hakujua, mzazi hakujua, na hata aliyembandika elektrodi hakujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na mwisho wa mazoezi nafuu ya kundi hili haikuizidi ya lile. Mwaka 2017 watafiti wa Salzburg, Austria, waliona jambo la namna hiyo kwa watu wenye shida ya usingizi. Hizi ni tafiti nzuri, nami siwezi kuzifunika kwa ukindu.

Zimebadili ninavyofundisha. Zamani nilianza na ubongo moja kwa moja. Siku hizi mwanafunzi anaanza na mrejesho wa mwili: kihisi cha joto kwenye kidole, kihisi cha msuli kwenye paji la uso, pumzi. Mgonjwa wa kipandauso au wa kichwa kinachobana kama kofia ndogo anafundishwa kupasha vidole vyake joto na kulegeza misuli, na kwa maumivu hayo ya kichwa ushahidi ni imara zaidi kuliko wa mawimbi. Vifaa vyake ni rahisi, makosa yake yanaonekana mapema. Akiyaweza hayo ndipo tunapanda kichwani.

Na kila mwanafunzi anajifunza kumwambia mzazi maneno yasiyokwepa, nami nakaa pembeni nikimsikiliza anavyoyasema: "Watoto wengi hupata nafuu katika mazoezi haya. Utafiti mkali haujaonyesha kwamba nafuu hiyo inatoka kwenye mawimbi yenyewe. Huenda inatoka kwenye kukaa, kutulia, na kuangaliwa na mtu anayemjali. Yapo matibabu mengine yenye ushahidi zaidi, na sitaki uyaache kwa ajili ya haya." Mara ya kwanza sauti zao zinatetemeka. Mmoja aliniambia, "Mama, nikisema hivyo hatarudi." Wengine hawarudi, kweli. Wanaorudi wanarudi wakijua wanalolipia, na tukifika mara ya 12 bila badiliko linaloonekana nyumbani au shuleni, tunasimama. Hilo nimeliweka mimi mwenyewe, wala halimo kitabuni.

Unauliza kwa nini niendelee. Mashine zimeshafika, kijana wangu. Zinauzwa, watu wanazinunua, wazazi waliokata tamaa wanaleta watoto. Mimi nikinyamaza, atakayewafundisha matabibu ni muuzaji. Na yapo mambo mawili ambayo nimeyaona yakibaki kwa mtaalamu hata kama hatabandika elektrodi tena maishani: anajifunza kuangalia kwa muda mrefu kabla ya kusema, na anajifunza kumwambia mgonjwa "hapa sina uhakika". Njoo uone siku moja. Ukiwa na hoja zako njoo nazo, wanafunzi wanazihitaji.

*

*Naandika kutoka Pangani, mimi ni mzee wa miaka 74. Mjukuu wangu wa kike anapandisha. Je, mashine hiyo inaweza kuona kama ni pepo au ni ugonjwa?*

Shikamoo mzee wangu. Haiwezi. Inaona umeme tu, kiasi gani na kwa kasi gani, basi. Haioni mawazo, haioni pepo, haioni siri ya mtu. Yeyote atakayekwambia ameona pepo kwenye kioo, au ameona kwamba hakuna, amesema asichokiona.

Lakini mjukuu wetu apelekwe hospitali. Kuna kifafa kinachokuja bila kuanguka, mtu anabadilika uso, anatafuna mdomo mtupu, anashika shika nguo, kisha hakumbuki. Kuna pia dhiki ya moyo inayotoka kwa njia ya mwili, hasa kwa mabinti waliobeba jambo wasiloweza kulisema. Vyote viwili vina msaada. Wakati anapandisha, mtu mmoja aangalie saa, na mwingine kama ana simu amrekodi kwa adabu, amefunikwa. Dakika moja ya picha hiyo inaweza kumsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima. Mganga wa familia kama mnaye, sina ugomvi naye. Ila dua na hospitali viende pamoja, na asivutishwe moshi wakati hana fahamu.

*

*Mimi ni muuguzi, niko katika mafunzo. Shida yangu ni nywele. Wagonjwa wangu wengi ni kina mama wenye misuko, wigi, mafuta ya nazi, na ushungi. Picha za kwenye kitabu ni za watu wenye nywele laini. Elektrodi zangu hazishiki, na naona aibu kuwaambia wavue. Nisaidie dada.*

Mdogo wangu, umeuliza swali ambalo lingepaswa kuwa sura nzima.

Anza siku moja kabla. Mgonjwa anapopewa miadi aambiwe: osha kichwa kwa sabuni usiku, suuza sana, asubuhi usipake mafuta. Mafuta ya nazi yanaweka ukuta kati ya ngozi na jeli, na ukinzani unapanda, yaani umeme unapita kwa shida. Tunataka ukinzani ushuke chini ya kiloomu 5, na tofauti kati ya elektrodi na elektrodi iwe ndogo. Kama anakwenda kusuka kabla ya kuja, mwombe asuke mistari, twende kilioni inafaa kabisa, na msusi aache njia iliyo wazi katikati ya utosi. Mgonjwa mmoja wangu alikwenda na karatasi kwa msusi wake, kumechorwa duara tatu. Msusi alifuata vizuri kuliko mafundi wengi ninaowajua. Wigi na nywele za kushonea juu ya utosi zinabidi zitolewe. Hakuna njia ya mkato, na usijaribu kubandika juu yake kwa sababu utarekodi wigi.

Kupima ni kwa futi laini ya fundi cherehani. Toka bonde la pua, pale juu kati ya macho, hadi kile kinundu cha kisogoni. Tuseme umepata sentimita 36. Nusu yake ni 18, tia alama kwa penseli ya nyusi. Kisha pima kutoka mbele ya sikio hili hadi mbele ya sikio lile kupitia juu, chukua nusu tena. Mistari inapokutana ndipo utosi wa kitaalamu, Cz, katika mfumo wa kupanga elektrodi kichwani uitwao 10-20, uliochapishwa mwaka 1958 na unaotumika dunia nzima. Usibahatishe kwa jicho, maana vichwa havilingani.

Tenganisha nywele kwa mkia wa kitana hadi uone ngozi. Shika nywele za pembeni kwa vibanio. Paka jeli ya kusafishia kwa pamba ya kijiti, sugua taratibu mara tano sita, pangusa, kisha weka elektrodi yenye jeli nzito iliyojaa kama kilima kidogo, ibonyeze, funika kwa kipande cha pamba. Kwenye njia ya msuko inakaa imara kuliko kwenye nywele laini za kitabuni, utaona. Usisugue hadi ngozi ichubuke; ukiona damu acha eneo hilo.

Na ushungi. Chumba kiwe na mlango unaofungwa na pazia, dirisha la barabarani lizibwe, na mwanamke ahudumiwe na mwanamke. Kama siku hiyo yuko mtoa huduma wa kiume peke yake, badilisheni miadi, msimwache mgonjwa achague kati ya haya yake na matibabu yake. Mimi humwambia hivi: "Dada, nitahitaji utosi tu, na masikio. Ukipenda tuuteremshe ushungi mpaka mabegani, ubaki nao." Wengi hawaendi mbali zaidi ya hapo, na inatosha. Kabla ya kugusa kichwa cha mtu mzima, awe mwanamke au mzee aliyevua kofia, omba: "Nakuomba nikushike kichwa." Subiri aitikie. Nimewaona watu wakiteremsha mabega kwa kuombwa tu, na misuli ya paji la uso ikitulia kwenye kioo kabla zoezi halijaanza.

Ukimaliza, toa jeli kwa maji ya vuguvugu, mpe mgonjwa taulo safi, kioo cha kujitazama, na muda wa kujitengeneza kabla mlango haujafunguliwa. Elektrodi zioshwe kwa sabuni na maji papo hapo kabla jeli haijakauka, zitiwe dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, zisuuzwe, zikauke. Umesugua ngozi, kwa hiyo zihesabu kama kifaa kilichogusa kidonda. Zile za fedha zenye tabaka la kloridi usizikwangue kwa brashi ngumu wala kisu, utaliondoa lile tabaka la kijivu na mstari wako utaanza kuyumba. Zitundike kwa nyaya zake kwenye msumari, vikombe vikiangalia chini, mbali na dirisha la baharini, maana upepo wa chumvi hapa kwetu unazila upesi.